Bima ya Ajali: Soma Jedwali Kabla ya Kutazama Kiasi

Ukikabidhiwa hati ya bima ya ajali, macho hukimbilia ile tarakimu kubwa ya ukurasa wa kwanza. Hicho ndicho kiasi cha bima, na wengi huamini ndicho watakachopewa wakiumia. Kumbe kiasi kizima hutoka kwa mambo mawili tu: mkatiwa bima afariki kwa ajali, au apate ulemavu wa kudumu wa asilimia 100. Katikati hapo ndipo yalipo majeraha mabaya yanayowapata watu kila siku: vidole vilivyokatika, goti lisilokunjika tena, jicho lililopofuka, mkono uliopooza. Malipo ya hayo yamo kwenye jedwali lililobanwa nyuma ya mkataba kwa maandishi madogo, na ukitaka kujua umenunua nini, anza kusoma hapo.

Kuna jambo ambalo mawakala hupenda kulipita haraka. Kwa hesabu ya fedha tupu, aliyelemazwa huigharimu familia kuliko aliyefariki. Kipato chake kinakatika huku gharama zake zikipanda: dawa, mazoezi ya viungo, kiti cha magurudumu, mguu bandia unaochakaa na kubadilishwa kila baada ya miaka michache, mlango wa choo unaopaswa kupanuliwa. Halafu yupo ndugu anayeacha kazi ili amhudumie, na kipato chake nacho kinakwenda. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo za kulipia bima azielekeze kwanza kwenye ulemavu wa kudumu. Fidia ya kifo ndani ya bima ya ajali ni nyongeza. Anayetaka kuwalinda wategemezi wake akishafariki akate bima ya maisha, ambayo hulipa hata kama kifo kimeletwa na ugonjwa.

Inalipa nini

Bima ya afya huilipa hospitali kwa kufuata ankara. Bima ya ajali binafsi hukulipa wewe, kwa kufuata jeraha. Ukishapokea, hakuna anayekuuliza umezitumiaje: unaweza kulipia kodi ya nyumba, deni, ada za watoto au mtaji wa kazi nyingine.

Mkataba wa kawaida una vipengele vinne, na kila kimoja kina kiasi chake: kifo, ulemavu wa kudumu, kushindwa kufanya kazi kwa muda, na gharama za matibabu. Vitatu vya kwanza hulipwa kwa kiasi kilichopangwa tangu mwanzo, hivyo mwenye mikataba miwili katika kampuni mbili kwa kawaida hulipwa na zote mbili, na malipo hayo hayapunguzwi kwa sababu mwajiri au dereva aliyekugonga naye amekufidia. Cha nne ni tofauti. Matibabu hurejeshwa kwa risiti halisi, na risiti moja hailipwi mara mbili. Mwenye bima nzuri ya afya anaweza kukiacha kipengele hicho na kuhamishia ada yake kwenye ulemavu.

Malipo ya kushindwa kufanya kazi kwa muda hutolewa kwa wiki, na yana mitego midogo midogo. Kwanza kuna siku za kusubiri, mara nyingi 7 au 14, ambazo hazilipwi. Pili kuna kikomo cha wiki, aghalabu 52 au 104. Tatu, malipo ya wiki hayaruhusiwi kupita sehemu fulani ya kipato chako halisi, kwa hiyo kujiandikia kiasi kikubwa kuliko unachopata ni kulipia hewa. Aliyejiajiri aweke kumbukumbu za mapato mwaka mzima, maana siku ya madai ataombwa taarifa za benki au marejesho ya kodi, na neno la mdomo halitamsaidia. Angalia pia kama mkataba unasema kushindwa kufanya kazi *yako* au kazi *yoyote*. Fundi seremala aliyevunjika mkono anaweza kukaa mlangoni na kupokea simu. Chini ya maneno ya pili, kampuni ina njia ya kumwambia bado anaweza kazi.

Bima hii ilikua pamoja na reli. Mwaka 1849 kampuni ya Railway Passengers Assurance ya London ilianza kuwauzia abiria bima ya ajali sambamba na tiketi ya treni. Sura hiyo ya zamani bado ipo katika bima za bure zinazokuja na kadi ya benki au tiketi ya safari. Nyingi hulipa tu ukiumia ukiwa abiria wa chombo cha usafiri wa umma, na baadhi hutaka nauli iwe imelipwa kwa kadi hiyohiyo. Ukianguka kwenye ngazi za nyumbani kwako, hazikujui. Usizihesabu.

Jedwali, mstari kwa mstari

Majedwali yamegawanyika katika koo mbili, na tofauti yake ni kubwa mno kuachwa ipite.

Ukoo wa kwanza hulipa kiungo kilichopotea. Ndio ulioenea katika mikataba ya Marekani ya kifo na kukatika viungo, na sehemu nyingi zilizoiga mtindo huo. Mikono yote miwili, miguu yote miwili au macho yote mawili ni asilimia 100. Mkono mmoja, mguu mmoja au jicho moja ni 50. Kidole gumba na cha shahada cha mkono mmoja kwa pamoja ni 25. Kwa kawaida kiungo kiwe kimekatika au jicho limepofuka ndani ya siku 365 tangu ajali. Neno la kutafuta katika mkataba wa namna hii ni *kukatika*. Mkono ulio mahali pake lakini hauwezi kushika kikombe unaweza kuambulia sifuri.

Ukoo wa pili hulipa kazi ya kiungo, kiwe kimekatika au kimebaki kikiwa hakifai. Mfano mzuri ni jedwali la kawaida la Ujerumani: mkono mzima kuanzia bega 70, kiganja kuanzia kifundo 55, kidole gumba 20, kidole cha shahada 10, kidole kingine chochote 5. Mguu juu ya katikati ya paja ni 70, chini ya goti 50, unyayo 40, kidole kikubwa cha mguu 5, vingine 2. Jicho 50, kusikia kwa sikio moja 30, kunusa 10, kuonja 5. Kiungo kikipoteza sehemu tu ya kazi yake, huhesabiwa sehemu ya asilimia hiyo.

Tuchukue mtu mmoja tumpitishe kwenye majedwali yote mawili. Ameteleza, akajikinga kwa kiganja, mfupa wa kifundo ukavunjika. Mfupa umeunga, ila kifundo hakipindi vizuri, na daktari anakadiria kiganja kimepoteza sehemu mbili kati ya kumi za kazi yake. Kiasi cha bima ni 1,000,000. Katika ukoo wa pili: 55 mara 2 kwa 10 ni asilimia 11, yaani 110,000. Katika ukoo wa kwanza: hakuna kilichokatika, hakuna malipo ya ulemavu. Jeraha ni lilelile na kiasi cha ukurasa wa kwanza ni kilekile. Ndiyo maana kulinganisha bima mbili kwa ada na kiasi peke yake hakukuelezi kitu.

Majeraha mengi katika ajali moja hujumlishwa, lakini jumla haivuki 100. Kiungo kidogo kilicho ndani ya kikubwa hakilipwi mara mbili: mkono ukikatwa juu ya kiwiko, hutadai tena vidole vitano. Mikataba michache hutofautisha mkono unaoutegemea na mwingine. Mwenye kuandika kwa kushoto ahakikishe jambo hilo limeandikwa kwenye fomu ya maombi, kwa sababu pasipo maandishi kampuni itauchukulia wa kulia kuwa ndio mkuu.

Uti wa mgongo, ubongo, figo na wengu mara nyingi havimo kabisa kwenye jedwali la viungo, na hapo ndipo yalipo majeraha mazito kuliko yote. Soma sentensi iliyo chini ya jedwali. Mkataba mzuri unasema kwamba ulemavu usiotajwa utakadiriwa na daktari kwa kuangalia utendaji wa mwili mzima, bila kujali kazi ya mtu. Mkataba mbaya unanyamaza, au unasema kisichotajwa hakilipwi. Kama sentensi hiyo haimo, mimi nisingeununua mkataba huo hata kwa nusu ya ada.

Tena jedwali halijui kazi yako. Mpiga kinanda akipoteza kidole cha pete anapata 5, sawa na mlinzi wa lango. Wanaoishi kwa vidole vyao, kama washonaji, mafundi saa na madaktari wa upasuaji, waombe jedwali lililoboreshwa la taaluma yao, ambalo baadhi ya kampuni huwa nalo kwa ada ya ziada. Lisipopatikana, njia iliyobaki ni kuongeza kiasi cha bima.

Ukate kiasi gani

Kanuni ya haraka inayozungumzwa sana ni mara kadhaa ya kipato cha mwaka: mara tano au sita kwa kijana, kushuka hadi tatu au nne kwa aliyevuka miaka 50, kwa kuwa kijana ana miaka mingi zaidi ya kipato cha kupoteza. Ni mwanzo mzuri, lakini humpa mtu faraja ya tarakimu ya asilimia 100 ambayo huenda asiione kamwe. Afadhali kuijaribu kwa jeraha la kati. Tuseme unapata 1,200 kwa mwaka na umekata bima ya 6,000. Ukipoteza unyayo, asilimia 40 ni 2,400, yaani kipato cha miaka miwili. Jiulize: miaka miwili inatosha kutibiwa, kununua mguu bandia, kujifunza kazi ya kukaa na kuanza kulipwa tena? Mwenye ofisi atasema ndiyo. Mpiga lipu atasema hapana, na ajue hivyo kabla ya kutia saini. Ukiwa na mkopo, ongeza deni lililobaki juu ya hesabu hiyo.

Baadhi ya mikataba ina ngazi: asilimia za juu za ulemavu huzidishwa. Katika ngazi ya 350, pointi 25 za kwanza (pointi moja ni asilimia moja ya ulemavu) hulipwa kama zilivyo, kila pointi kati ya 25 na 50 huhesabiwa mara tatu, na kila pointi juu ya 50 mara tano. Ukipiga hesabu: 25 na 75 na 250, jumla 350. Ni mpango wenye akili, kwani huelekeza fedha kule zinakohitajika zaidi. Lakini hutumiwa pia kupamba kiasi kidogo. Linganisha mkataba wa 1,000,000 wenye ngazi ya 350 na wa 2,000,000 usio na ngazi. Kifundo chetu cha asilimia 11 kinalipwa 110,000 kwa wa kwanza na 220,000 kwa wa pili. Kiganja kilichopotea chote, asilimia 55, ni 1,250,000 dhidi ya 1,100,000. Ulemavu kamili ni 3,500,000 dhidi ya 2,000,000. Ngazi inamfaa anayeogopa kupooza. Kwa majeraha ya chini ya asilimia 25 haiongezi hata senti moja. Wakala anayekutajia kile kiasi cha juu kabisa peke yake, mrudishe kwenye kiasi cha msingi.

Ajali mbele ya kampuni ya bima

Wahenga walisema ajali haina kinga wala kafara. Kampuni ina masharti manne: tukio liwe la ghafla, litoke nje ya mwili, lisiwe la kukusudia, na jeraha litokane nalo. Madai mengi hukwama kwenye neno *nje*. Aliyepigwa na kiharusi akaanguka na kuvunjika nyonga, tukio lake limeanzia ndani, na mikataba mingi haimlipi hata kwa ile nyonga. Aliyechanika msuli akiinua gunia hakuguswa na kitu. Mikataba mizuri ina kifungu kinachoongeza kuteguka na kuchanika kwa misuli na kano kutokana na kutumia nguvu kupita kiasi, mingine haina. Diski za mgongo na ngiri huwekwa kando karibu kila mahali, isipokuwa ikithibitishwa kwamba ajali ndiyo chanzo kikuu.

Sumu ya chakula, kuumwa na wadudu, kuzama majini, kuvuta moshi au gesi: hayo hutegemea maandishi ya mkataba, usiyakisie. Maambukizi yaliyoingia kupitia jeraha la ajali kwa kawaida hulipwa. Maambukizi yaliyopitia mkwaruzo mdogo usiotajwa popote hayalipwi.

Kisha kuna ugonjwa wa zamani uliochangia. Mwenye kisukari aliyejichoma msumari na hatimaye kukatwa mguu hawezi kutarajia malipo kamili moja kwa moja. Daktari wa kampuni atakadiria mchango wa ugonjwa. Akisema asilimia 40, fidia hushuka hadi 60. Baadhi ya mikataba haipunguzi chochote mchango ukiwa chini ya 25, mingine imesogeza mpaka huo hadi 40 au 50. Kwa mtu mwenye maradhi ya kudumu, au aliyefika umri ambao mifupa na maungio yameanza kuchakaa, mstari huu mmoja una thamani kuliko punguzo lolote la ada. Ipo pia mikataba inayotumia maneno makali zaidi, kwamba jeraha litokane na ajali *peke yake, bila sababu nyingine yoyote*. Hapo ugonjwa mdogo unaweza kufuta madai yote.

Mambo yasiyolipiwa kabisa yanafanana kila mahali: kujiua na kujidhuru, vita, kutenda kosa la jinai, mashindano ya magari na pikipiki, kuruka angani isipokuwa kama abiria aliyelipa nauli. Pombe ina sura mbili. Mikataba mingine hukataa ajali yoyote iliyotokea ukiwa umelewa, hata kama ulikuwa umekaa kituoni na gari likakuparamia. Mingine hukataa tu iwapo ulevi ndio uliosababisha ajali, na hukubali kiwango fulani cha pombe kwa mtembea kwa miguu. Pikipiki nayo huachwa nje ya mikataba mingi ya bei rahisi, au huwekewa masharti ya leseni, kofia na ukubwa wa injini. Anayepanda pikipiki kila siku, hata kwa kubebwa, aulize hilo kabla ya jingine lolote.

Fomu ya maombi

Ada hupangwa kwa daraja la kazi: kazi za ofisini chini, kazi za mikono katikati, kazi za juu ya majengo, migodini au kwenye umeme mkubwa juu, na nyingine hazipokelewi kabisa. Andika unachofanya, usiandike cheo. "Meneja" anayeshinda juu ya jukwaa la ujenzi ameandika uongo bila kujua. Ukibadilisha kazi, iarifu kampuni kwa maandishi na uhifadhi nakala. Usipofanya hivyo fidia hupunguzwa kwa uwiano: ulikuwa ukilipa ada ya 200 wakati kazi mpya ni ya 300, utapata theluthi mbili ya stahili yako.

Maswali ya afya yajibiwe yote, pamoja na mguu uliovunjika zamani na ukapona. Kuficha kunaweza kuipa kampuni ruhusa ya kuufuta mkataba mzima baada ya ajali, wakati mwingine hata pale kilichofichwa hakihusiani na jeraha. Wakala akijaza fomu kwa niaba yako, isome mwenyewe kabla ya kutia saini; kosa lake linaweza kuhesabiwa lako. Jina la mnufaika liandikwe kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ukiandika "mke wangu" au "watoto" peke yake unaifungulia familia mlango wa kwenda mahakamani. Mkataba unaohuishwa kila mwaka una tarehe ya mwisho ya kulipa. Angalia kama zipo siku za neema, yaani siku za ziada za kulipa baada ya tarehe hiyo, na kama ajali iliyotokea ndani ya siku hizo inalipwa.

Baada ya ajali

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, na hupotelea kwenye karatasi.

Nenda kwa daktari siku hiyohiyo, au kesho yake, hata kama unajiona mzima. Unapoeleza, sema kilichotokea kabla ya kusema kinachouma. Yule wa kifundo akisema tu "mkono unauma", kadi yake itaandikwa "maumivu ya kifundo cha mkono, siku tatu". Miezi minane baadaye karatasi hiyo itasomwa na mtu aliye ofisini ambaye haoni ajali popote ndani yake. Kadi inapaswa kusomeka hivi: ameteleza kwenye ngazi zenye maji tarehe fulani saa fulani, ameangukia kiganja cha kulia, kifundo kimevimba, picha ya eksirei imeonyesha mpasuko. Tarehe, namna, upande, sehemu. Ukiona kimoja kimekosekana, omba kiongezwe kabla hujatoka mlangoni. Kukiongeza baada ya madai kukataliwa huonekana kama kutunga.

Orodhesha kila sehemu iliyoumia, hata ile ndogo. Bega lililofunikwa na maumivu ya mguu uliovunjika hudhihirika baada ya miezi, na kama halikutajwa siku ya kwanza, kampuni itasema liliumia mahali pengine.

Toa taarifa kwa kampuni mapema. Mikataba mingine hutaka ndani ya siku 14 au 30, na kwa kifo inaweza kuwa saa 48, ili kampuni ipate nafasi ya kuomba uchunguzi wa mwili kabla ya maziko. Taarifa ya kwanza haihitaji fomu wala vyeti: ujumbe mfupi wenye namba ya hati, jina, tarehe ya ajali na aina ya jeraha unatosha kusimamisha saa ya muda huo. Mwenye bima akiwa hana fahamu, ndugu yake aandike. Ndiyo sababu inafaa mtu mwingine nyumbani ajue hati iko wapi. Ajali ya barabarani, ya kazini au iliyohusisha mtu mwingine ina karatasi zake pia, za polisi na za mwajiri, na maelezo ya zote yalingane kwa tarehe na namna. Tofauti ya siku moja kati ya fomu mbili imechelewesha madai mengi halali.

Saa nyingine, ndefu na ya hatari zaidi, ni ya ulemavu wa kudumu. Mkataba hutaka ulemavu uwe umejitokeza na daktari awe ameuandikia cheti ndani ya muda maalumu tangu ajali, kwa mfano miezi 12, 15 au 24. Kuwahi kuna hasara yake: jeraha halijatulia, daktari anaandika "anaendelea kupata nafuu", na kampuni inajibu kwamba bado si la kudumu. Kuchelewa kuna hasara kubwa zaidi, kwani haki yenyewe hufa, hata kama mguu haupo na kila mtu anauona haupo. Kama muda wako ni miezi 12, panga kumwona daktari bingwa mwezi wa tisa au wa kumi tangu ajali, ili kukiwa na kasoro kwenye cheti pabaki nafasi ya kukirekebisha. Ukingoja hadi mwisho wa mwezi wa kumi na moja, daktari anaweza kuwa likizo na faili isionekane.

Cheti nacho kina maneno yake. "Mgonjwa amepata ulemavu wa mkono" halitoshi. Kitaje kwamba hali imesababishwa na ajali ya tarehe fulani, kwamba ni ya kudumu, na ni utendaji gani umepotea kwa vipimo: kifundo kinapinda nyuzi ngapi upande ulioumia na ngapi upande mzima, nguvu ya kushika imepungua kwa kiasi gani, ganzi iko kwenye vidole vipi. Mpelekee daktari nakala ya jedwali la mkataba wako. Madaktari wengi hukadiria ulemavu kwa mizani ya sheria ya wafanyakazi, ambayo ni jedwali jingine kabisa, na asilimia zake hazifai hapa.

Ukikaribia kulipwa utaletewa hati ya kupokea malipo yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho". Usiitie saini kama jeraha bado linabadilika. Omba malipo ya awali kwa kiwango kisichobishaniwa, na juu ya saini yako uandike kwamba unapokea bila kuathiri haki ya kudai zaidi. Mikataba mingine huruhusu pande zote mbili kuomba upimwe upya kila mwaka, hadi miaka mitatu tangu ajali. Haki hiyo hukata pande zote mbili: goti likiharibika zaidi unaongezewa, likipona kampuni inaweza kupunguza. Ikiwa umepata nafuu nzuri, huna sababu ya kuwakumbusha.

Ukikataliwa, au ukipewa asilimia ndogo, dai maandishi yenye namba ya kifungu kilichotumika na nakala ya ripoti ya daktari wao. Kukataliwa kwa simu hakuhesabiki. Ripoti hiyo mpelekee bingwa mwingine na umuulize wapi anatofautiana nayo. Hoja ya kipimo kimoja kilichorukwa ina nguvu kuliko barua tatu za malalamiko. Mikataba mingi ina kifungu cha usuluhishi au cha daktari wa tatu anayekubaliwa na pande zote, na nchi nyingi zina chombo kinachosimamia kampuni za bima na kupokea malalamiko bila ada kubwa. Angalia tu muda wa kwenda mahakamani, ambao wakati mwingine mkataba huuanzisha siku ile kampuni ilipokukatalia, na barua mnazoandikiana baada ya hapo si lazima ziusimamishe.

Ukishalipwa, mkataba wenyewe hubadilika. Kwa baadhi, kiasi kilicholipwa hukatwa kwenye kiasi cha bima hadi utakapohuisha, kwa hiyo waliolipwa 40 wamebakiwa na 60 kwa mwaka huo. Kampuni inaweza kukataa kuhuisha, au kuhuisha kwa sharti kwamba kiungo kilekile hakitalipwa tena. Na ajali ya pili ikipiga mahali palepale, ulemavu wa zamani hutolewa kwanza: kiganja kilichokuwa kimepoteza 11 kikipotea chote, utalipwa 44. Unapohamia kampuni nyingine, ile 11 iandike kwenye fomu yao mpya, pamoja na nakala ya cheti.